UCHAMBUZI: Aamrishaye akili unde ofisini abebe pia lawama yake

SHINIKIZO la kutumia akili unde kazini halimfikii tena mfanyakazi kama ushauri, bali kama amri.

Mnamo Aprili 2025, Tobi Lütke, mkuu wa kampuni ya Shopify ya Canada, aliwaarifu wafanyakazi wake kwamba kutumia teknolojia hiyo ni takwa la kimsingi kwa kila mmoja wao, na kwamba suala hilo litaingizwa katika tathmini ya utendakazi. Kundi litakalotaka kuongezewa watu, alisema, sharti kwanza lionyeshe ni kwa nini akili unde haiwezi kuifanya kazi hiyo.

Waajiri wana hoja. Programu hizi hufupisha ripoti, hutafsiri barua na kuandaa rasimu kwa muda mfupi mno, na kampuni itakayozipuuza huenda ikaachwa nyuma na washindani wake.

Hata hivyo, lipo swali ambalo amri hizo hazilijibu: kazi ikiharibika, nani atawajibika?

Juni 2023, jaji mmoja jijini New York aliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000 kwa sababu ya hati iliyotaja kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Adhabu hiyo ilistahili, kwani hakuna aliyekuwa amewalazimisha kuitumia programu hiyo.

Lakini hebu tumtazame karani aliyeamrishwa kutumia programu kama hiyo, akapunguziwa muda wa kazi kwa nusu kwa kuwa eti mtambo unamsaidia, kisha kosa likampita. Barua ya kutakiwa kujieleza ataandikiwa yeye. Mtambo hauitwi mbele ya kamati ya nidhamu, na huenda aliyetoa amri akawa ndiye mwenyekiti wake.

Kiini cha dhuluma hii ni muda. Kukagua kazi ya mtambo ni kazi kamili, kwa maana programu hizi hukosea kwa lugha ile ile fasaha zinayoitumia kusema kweli. Mwajiri anayehesabu dakika zilizookolewa katika kuandika, asihesabu zile zinazohitajika kuhakiki, anajidanganya.

Waandishi wa filamu na televisheni nchini Marekani walionyesha njia. Baada ya mgomo wa siku 148 mwaka wa 2023, chama chao kilipata mkataba unaozuia kampuni kumlazimisha mwandishi kutumia programu hizo. Hazikupigwa marufuku: mwandishi aweza kuzitumia kwa hiari, kampuni ikiridhia.

Nchini Kenya, serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa akili unde mnamo Machi 2025. Wafanyakazi nao hawako mikono mitupu. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Uajiri ya 2007 kinamtaka mwajiri ashauriane na mfanyakazi yanapobadilika masharti ya msingi yaliyoandikwa katika mkataba wake. Nacho kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa mambo mazito na mtambo pekee.

Vyama vya wafanyakazi havina budi kujengea hapo. Katika mikataba ya makubaliano ya pamoja, vidai mambo matatu: mafunzo yatangulie amri, muda wa kuhakiki utengwe, na anayelazimisha chombo kitumike atie saini kuwa atashiriki lawama kinapokosea. Mwajiri anayekiamini chombo chake hataogopa saini hiyo.