Mwacheni Muuza Kahawa Amimine
Siku hizi vijana wa Mji wa Kale hutengeneza picha ambayo yote imetulia ila kitu kimoja, nacho hucheza bila kukoma. Mtindo huu ulivuma kutoka New York mwaka 2011. Programu za bure zatosha: FFmpeg huivunja video kuwa picha moja moja, ndani ya GIMP picha tuli huwekwa juu ya zote na kutobolewa panapotakiwa mwendo.

Ugomvi wangu ni hapo panapotobolewa. Juzi niliona pazia la Ndia Kuu likipepea, na chini yake muuza kahawa kagandishwa kama sanamu! Mlango wa nakshi ndio usiotembea. Yeye ni mtu. Nikatengeneza yangu: ukuta kimya, kahawa ikimiminika kutoka kwenye dele. Mzee alipoitazama alicheka.

"Mwanangu, na kikombe hiki kisichojaa nani atakilipa?"