Ukingo wa Mfereji Ndio Barabara Yetu, Lango Lifunguliwe

Kila mwaka jarida hili la Chama chetu huwa na insha tele kuhusu umuhimu wa elimu na madhara ya miraa. Mimi mwaka huu nimeonelea niandike kuhusu baiskeli. Najua kuna watakaocheka kabla hawajafika nusu ya ukurasa. Wacheke tu, lakini wasome mpaka mwisho, maana jambo lenyewe linatuhusu sote. Shule yetu ni ya kutwa. Hakuna anayelala hapa isipokuwa bawabu na paka wake.

Nyumbani kwetu ni kwenye mashamba ya kando ya mto Tana. Kutoka pale mpaka shuleni ni kama kilomita tano, na njia ziko mbili. Ya kwanza ni barabara kubwa yenye malori, Probox na bodaboda, kila mmoja anaharakishia mambo yake na hakuna anayemtazama mwenye baiskeli. Ya pili ni ukingo wa mfereji wa kunyweshea mashamba. Mimi hupita hii ya pili, na ndiyo ninayoitetea hapa.

Mfereji wenyewe si kitu cha kujivunia kwa mgeni. Ni mtaro wa udongo, mahali pengine umepigwa saruji. Mashine inavuta maji kutoka mtoni na kuyapandisha hadi kichwa cha mfereji, kisha maji yanatembea yenyewe, yakigawiwa shamba hadi shamba kwa zamu. Udongo uliotolewa wakati wa kuchimba ulirundikwa kando, ukakanyagwa na watu na punda miaka na miaka mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Hapo ndipo tairi linapopita. Na kwa kuwa maji hayapandi mlima, aliyechimba alilazimika kutafuta usawa. Yeye alifikiria maji, mimi nafaidi miguu. Hakuna pa kupanda, hakuna pa kushuka kwa kasi, wewe ni kukanyaga tu.

Ukitoka saa kumi na mbili na robo asubuhi jua bado ni rafiki. Migomba iko huku na huku, halafu miembe, mipapai, na sehemu za tikitimaji na vitunguu. Akina mama wanakata nyasi za kwenda kuuzia wenye mbuzi mjini. Siku nyingine unakuta nyayo za kiboko aliyelala akila mahindi ya watu, na hapo unaongeza mwendo bila kuambiwa. Saa nane mchana huo mji wetu ni tanuri, kila mtu anajua, lakini chini ya ile miembe mtu anaweza hata kusimama akasoma ukurasa mmoja wa fasihi.

Adui mkubwa wa njia hii si mamba wala kiboko. Ni mathenge. Mti huu uliletwa ili kuzuia jangwa na kutupatia kuni, ukatuzidi nguvu. Kule Baringo wananchi waliishtaki serikali kwa sababu yake, na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda yake akapelekwa mahakamani Nairobi kama ushahidi. Mimi nami ningeweza kupeleka tyubu yangu. Ina viraka kumi na kimoja. Mwiba wa mathenge haujui hata baiskeli ni ya mwanafunzi aliye na mtihani.

Kuna watakaoniambia kwamba kupita mferejini kwa baiskeli ni mambo ya watu wasio na nauli. Basi niwaulize, Wafaransa nao hawana nauli? Kule Ufaransa kusini kuna mfereji unaoitwa Canal du Midi, uliochimbwa kati ya 1666 na 1681, una urefu wa kilomita 240 hivi kuanzia Toulouse kuelekea bahari ya Mediterania. Siku hizi watu wanatoka nchi za mbali kuja kuendesha baiskeli kando yake, katikati ya mashamba ya mizabibu, na wanalipa pesa kwa raha hiyo. Sisi hatuna mizabibu. Tuna ndizi, na njia yetu ni ya bure.

Na mifereji ya mto huu ina historia nzito kuliko hiyo ya mizabibu. Kule Hola, chini zaidi ya mto, wafungwa wa Mau Mau walilazimishwa kufanya kazi kwenye mradi wa kunyunyizia mashamba maji. Tarehe 3 Machi 1959 walipokataa walipigwa, wakafa 11. Mimi nikisikia mtu anasema mfereji ni mahali pa kutupa takataka au pa kuzibwa tu kwa miiba kama boma la mbuzi, huwa nawakumbuka wale.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa sababu mwalimu wetu wa hisabati naye ni msomaji wa jarida hili. Bodaboda kutoka kwetu ni shilingi 50 kwenda na 50 kurudi. Kwa wiki ni 500. Baiskeli yangu, ile nyeusi nzito iitwayo Black Mamba, ilinunuliwa mkono wa pili kwa shilingi 6,000. Gawanya. Ni wiki 12, yaani karibu muhula mmoja, na pesa imesharudi. Baada ya hapo gharama ni viraka na solusheni tu. Katika darasa letu nawajua watatu ambao hukosa shule siku nauli inapokosekana. Hawaumwi, nauli tu. Wakiulizwa na mwalimu wa darasa wanasema malaria.

Nilipoanza kuja na baiskeli nilidhani nitapongezwa. La hasha! Nilisimamishwa langoni nikaambiwa baiskeli za wanafunzi haziingii, shule haiwezi kuzilinda, na tena tutazichezea wakati wa mapumziko. Nikaiacha nje chini ya mti karibu na duka. Wiki ya pili nikatoka jioni nikakuta kiti kimekwenda. Siyo baiskeli, kiti peke yake! Nilirudi nyumbani nimesimama kwenye pedeli kilomita tano, watoto wa bula wananiimbia njia nzima. Huyo aliyekichukua, kama anasoma hapa, kilikuwa na ufa upande wa kushoto na kinafinya.

Simlaumu bawabu, yeye anafuata amri. Nauliza tu, kama sababu ni wizi, ni wapi baiskeli inaibwa kwa urahisi, ndani ya ua au nje? Pikipiki za walimu zina kivuli ndani na hakuna iliyowahi kupotea. Mimi siombi kivuli kile. Kuna ukuta mtupu nyuma ya maabara. Bomba moja refu likichimbiwa pale, kila mtu afunge baiskeli yake kwa mnyororo na kufuli lake. Fundi anayechomelea vyuma karibu na soko aliniambia bomba la mkono wa pili si ghali, tukichanga sisi wenyewe tunalipata.

La pili ni la wasichana, na hapa najua nitapata maneno. Dada yangu naye husoma hapa. Muhula uliopita nauli ilikuwa ya mtu mmoja, nami nikawa nambeba kwenye karia kupitia mferejini. Haikupita wiki, abti wangu, yaani mjomba, akaletewa habari kwamba msichana wake anaonekana juu ya baiskeli. Akaja nyumbani amekasirika. Aliyemjibu si mimi, ni nyanya. Alimwuliza, "Wale wasichana wanaoendesha magari ya punda na mitungi ya maji mji mzima, wewe huwaoni? Au maji unayokunywa yanajileta?" Mjomba akanywa chai yake akaenda. Siwezi kusema amekubali, ila hajarudi tena kwa jambo hilo. Siku hizi dada anaendesha mwenyewe Ijumaa na Jumamosi, amevaa suruali ndani ya dira lake, na ameanguka mara mbili tu, mara moja ndani ya maji.

Nyinyi mnaofikiri baiskeli ni umaskini, mtazameni Biniam Girmay wa Eritrea. Mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France na kutwaa jezi ya kijani, Mwafrika mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Chris Froome, aliyeshinda mashindano hayo mara nne, alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na kufunzwa na David Kinjah kule Kikuyu. Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika. Wale wanapanda vilima. Sisi mpaka ufike Ukasi kwenye barabara ya Mwingi ndipo unaona kitu cha kuitwa kilima, kwa hiyo hatuna hata kisingizio cha kuchoka.

Nikubali jambo moja. Wenye mashamba wana haki ya kulalamika. Wakati wa mvua ukingo unalainika, na tairi likipita mara nyingi linachora mfuo, maji yanapata mlango, ukingo unabomoka. Mafuriko ya Novemba 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yalifagia migomba, na kingo nyingi zikaenda nayo. Baba na majirani walizirudisha kwa majembe. Kwa hiyo siku za matope tushuke tusukume, na ile siku ya kuzibua mfereji tuende tuwasaidie, hata nusu siku. Wao nao wasizibe njia kwa matawi ya mathenge, na waache wazi malka ambako ngamia na ng'ombe hushukia kunywa maji, kwa maana sisi pia tunapita hapo hapo.

Barua ya kuomba lile bomba nyuma ya maabara nimekwisha iandika, iko kwa katibu wa Chama, imetiwa sahihi na watu 23, na kati yao wasichana ni tisa. Anayetaka kutia yake amwone kabla ya Alhamisi. Mimi nitaendelea kupita mferejini kila siku saa kumi na mbili na robo. Anayetaka twende pamoja aningoje penye mwembe mkubwa, na aje na pampu, yangu imevunjika.