Seva yako si posta

Wacha niseme mapema ili anayetaka kubisha aanze kujiandaa: kama mfumo wako unatuma barua pepe tu na haupokei, huna haja ya seva nzima ya barua. Ondoa Postfix, sakinisha msmtp, kabidhi barua zako kwa rilei, kisha urudi kwenye kazi yako.

Najua tunavyofundishana. Unakodisha seva, unaandika apt install postfix, unaulizwa maswali mawili matatu, unabonyeza Enter mpaka yaishe. Unajaribu mail() ya PHP, inajibu "true", unafurahi. Jamani, ile "true" haisemi kwamba barua imefika. Inasema tu kwamba programu ya barua iliyo kwenye seva hiyohiyo imekubali kuipokea. Ni kama kumpa makanga bahasha pale steji, halafu kutangaza kwamba nyanya kule kijijini ameshaisoma.

Barua ikikwama inakaa kwenye foleni. Postfix usipoibadilisha mipangilio hujaribu kwa siku 5, kisha humrudishia mtumaji taarifa kwamba imeshindwa. Mtumaji ni nani? Mara nyingi ni www-data, mtumiaji wa Apache, ambaye kikasha chake hakisomwi na mtu. Wakati huo mwanachama wa sacco anangoja kiungo cha kubadilisha nywila, mzazi anangoja taarifa ya karo, kijana anangoja kuitwa kwa mahojiano ya kazi. Wakipiga simu wanajibiwa, "Sisi tulituma."

Kwa nini barua zinakataliwa? SMTP iliandikwa na Jon Postel mwaka wa 1982, RFC 821, enzi ambapo mashine yoyote iliweza kuibishia hodi nyingine kwenye lango 25 na kuaminiwa. Uaminifu huo uliisha zamani. Mnamo Novemba 1988 mnyoo wa Morris uliingia kwenye mashine nyingi, na mlango wake mmojawapo ulikuwa Sendmail. Baadaye zikaja barua taka. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wanamtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM, na anwani ya IP yenye rekodi sahihi ya PTR. Anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail anadaiwa SPF na DKIM zote mbili, na DMARC juu yake.

Sasa tazama hiyo seva yako ya bei nafuu. IP yake huenda mwezi jana ilikuwa ya mtu mwingine, na hujui alikuwa akituma nini. Tena Google Cloud na Amazon EC2 huzuia barua zinazotoka kupitia lango 25. Unapigana vita ambavyo hukuhitaji kuvianza.

Rilei ni kama mbio za kupokezana kijiti. Unakimbia mzunguko wako mfupi, unamkabidhi anayejua njia. Unaingia kwa jina na nywila kupitia lango 587, lililotengewa kazi hiyo na RFC 2476 ya mwaka wa 1998, au lango 465, ambalo husimba mawasiliano tangu mwanzo. Yeye ndiye mwenye IP yenye sifa nzuri, na kuilinda ndiyo kazi yake.

Faili lote la ~/.msmtprc ni hili:

defaults
auth on
tls on
tls_trust_file /etc/ssl/certs/ca-certificates.crt
logfile ~/.msmtp.log

account posta
host smtp.example.org
port 587
from taarifa@example.org
user taarifa@example.org
passwordeval "cat ~/.nywila-ya-posta"

account default : posta

Fanya chmod 600 kwa faili zote mbili, kisha jaribu:

printf "Subject: Jaribio\n\nHabari.\n" | msmtp mtu@example.org

Ukitaka kuona mazungumzo yote na rilei, ongeza --debug. Kwenye Debian, pakiti ya msmtp-mta huiweka msmtp mahali pa sendmail, kwa hiyo PHP na cron hazihitaji kujua kwamba kuna kilichobadilika.

Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba msmtp haikai macho usiku kucha. Inaamka, inatuma, inalala. Haifungui lango lolote. Mnamo Juni 2019 ilitangazwa kasoro ya Exim, CVE-2019-10149, iliyomwezesha mtu wa mbali kuendesha amri kwenye seva ya mwenzake. Mlango ambao haupo hauvunjwi. Na msmtp ikishindwa inasema papo hapo: inatoa namba isiyo 0, skripti yako inajua, nawe unajua.

Sasa tuje kwa wabishi.

Wa kwanza atasema msmtp haina foleni. Kweli, haina. Intaneti ikikatika, barua haiendi. Lakini ipo skripti ya msmtpq inayohifadhi barua na kuzituma baadaye, au mfumo wako unaweza kuiweka barua kwenye hifadhidata na kujaribu tena. Foleni unayoiona ni bora kuliko foleni iliyojificha.

Wa pili atasema tunajitia utumwani kwa makampuni ya nje. Hoja hii naiheshimu, kwa sababu rilei anaweza kusoma barua zako, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haikuondolei jukumu eti kazi umempa mwingine. Basi soma mkataba. Ila uhuru wako uko kwenye jina la kikoa na DNS. Ukiwa navyo, kumhama rilei ni kubadilisha mistari michache hapo juu pamoja na rekodi za SPF na DKIM. Na kama ofisi yenu ina mtu anayesoma logi kila asubuhi, jengeni rilei yenu kwa Postfix. Moja, yenye mwenyewe. Si ishirini zilizotelekezwa.

Wa tatu ataogopa nywila kukaa kwenye faili. Aogope, ni haki yake. Ndiyo maana hutumii akaunti ya bosi. Fungua akaunti ya kutuma tu, na faili hilo lisikanyage git. Gmail nayo iliacha kukubali nywila za kawaida kwa programu za namna hii mwaka wa 2022. Inataka nywila maalum ya programu.

Kama bado hujashawishika, ingia kwenye seva yako leo na uandike mailq. Ukikuta foleni, soma anwani zilizomo moja moja. Hao ndio mliowaambia mlituma.