Kuchimba Mtaro Si Kushirikishwa

Mradi wa maji vijijini Burundi ukizinduliwa, haukosi kutajwa kwamba wananchi walishirikishwa. Ukiuliza walifanya nini, utaambiwa walichimba mitaro na kubeba mawe. Nguvu hizo zina thamani. Lakini aliyeitwa na jembe wakati ramani imeshapigwa muhuri ametoa jasho tu. Uamuzi ulipita bila yeye.

Kwenye vilima vya Gitega na Muyinga kosa hilo lina gharama. Maji ya vijijini huko mengi ni ya chemchemi, yanayoshuka kwa mserereko. Bomba la plastiki la daraja la PN10 huhimili kimo cha maji cha mita 100 hivi. Ukiliteremsha zaidi ya hapo bila tangi la kupunguza msukumo, laweza kupasuka. Hesabu hiyo mhandisi anaijua. Asichokijua ni kwamba pale alipochora tangi pana migomba ya mtu, au kwamba chemchemi aliyoipima Aprili, mvua zikiwa zimepamba moto, Agosti hujaza ndoo kwa shida. Anayejua ni mama anayeteka hapo kila siku, na huyo ndiye asiyeitwa kikaoni.

Wapo wanaohofia kwamba kila mtu atataka bomba mlangoni kwake. Atataka, ndiyo, na ndiyo sababu ya kukutana mapema. Mhandisi aeleze kwamba nyumba zilizo juu ya chanzo hazifikiwi bila pampu, na pampu hula umeme au mafuta kila mwezi. Mtu akishaelewa hivyo, ada ya maji haimshtui.

Tangu mwaka 2025 jambo hili limepata uzito mpya. Mikoa 18 ya Burundi imekuwa 5, tarafa 119 zimekuwa 42, na Muyinga sasa imo ndani ya Buhumuza. Shirika la REGIDESO linahudumia miji, wakala wa AHAMR unasimamia maji vijijini, lakini mabomba mengi yalikuwa mikononi mwa idara za maji za tarafa zile za zamani. Vipuri, mafundi na daftari za ada vinarithiwa na nani? Naona hapa pia nafasi nzuri: tarafa ikipanuka, chanzo na watumiaji waliotenganishwa na mpaka wanaweza kujikuta chini ya baraza moja.

Basi kabla ya zabuni kutangazwa, kikao kifanyike kwenye chemchemi yenyewe, kiangazi, na muhtasari utiwe saini: ardhi ya nani inachukuliwa na kwa fidia gani, ada ni kiasi gani, na ufunguo wa valvu utakaa kwa nani.