Kontena la mitihani lina kufuli mbili, alama za darasani zalindwa na nani?

Kila mwaka Oktoba inapoyoyoma, mvua za vuli zikiwa zimeanza kulowesha Pwani, walimu wakuu wa Likoni, Kisauni na Changamwe hudamka kabla ya jua kuchomoza. Safari yao huishia kwenye kontena la chuma lililo karibu na afisi za serikali za kaunti ndogo. Hapo husubiri naibu kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wafungue kufuli mbili, kila mmoja kwa ufunguo wake, kisha hurejea shuleni na bahasha zilizofungwa, askari wakiwa pembeni.

Utaratibu huo ulianza mwaka 2016, na haukuzuka bila sababu. Katika mtihani wa Kidato cha Nne (KCSE) wa 2015, maswali yalisambazwa kwa simu kabla ya watahiniwa kuingia ukumbini, na matokeo ya watahiniwa 5,101 yakafutwa. Bodi ya Baraza la Kitaifa la Mitihani (KNEC) ikavunjwa, na Waziri wa Elimu wa wakati huo, Dkt Fred Matiang'i, akishirikiana na marehemu Profesa George Magoha aliyeteuliwa mwenyekiti, akaleta kontena, akapiga marufuku simu vyumbani na kumfanya mwalimu mkuu awajibike kwa kila linalotokea katika kituo chake.

Matokeo ya mwaka huo yaliwashtua wengi. Gredi za A zilishuka kutoka zaidi ya 2,600 hadi 141. Waliopata C+ kwenda juu walikuwa 169,492 mwaka 2015. Mwaka uliofuata wakawa 88,929. Wapo waliosema kwamba kuacha kusawazisha alama kulichangia mporomoko huo, na hoja yao haikuwa ya kupuuzwa. Hata hivyo, hakuna aliyeweza kukana kwamba wizi wa mtihani ulikuwa umeota mizizi. Wakenya walikuwa wamekwisha kuuzoea kiasi cha kuupa kijikaratasi cha majibu jina la mzaha, mwakenya, lililotokana na vuguvugu la siri la miaka ya 1980 ambalo vijikaratasi vyake vilisambazwa kwa kificho.

Tangu hapo, tumekuwa taifa linalopima uadilifu wa mtihani kwa wingi wa askari. Madawati hupangwa umbali wa mita 1.22, watahiniwa hupekuliwa mlangoni, na mawaziri huzuru makontena alfajiri wakifuatwa na kamera. Sisi wa vyumba vya habari tuna desturi yetu ya Novemba: hupokea picha za "karatasi zilizovuja" ambazo mara nyingi, ukizitazama vizuri, ni za miaka iliyopita zilizobadilishwa tarehe.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya mtihani wenyewe imekwisha kuhama kutoka kontenani, na ulinzi haukuhama nao.

Chini ya Mtaala wa Umilisi (CBC), mtihani wa darasa la nane (KCPE) ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mahali pake pamechukuliwa na tathmini mbili. Ya kwanza, KPSEA, ilifanywa na wanafunzi wa Gredi ya 6 kwa mara ya kwanza mwaka 2022. Katika hesabu yake, karatasi inayotoka kontenani ilipewa asilimia 40 pekee. Asilimia 60 ni za tathmini za shuleni katika Gredi ya 4, 5 na 6, asilimia 20 kila mwaka. Ya pili, KJSEA ya Gredi ya 9, ilifanywa mara ya kwanza mwaka 2025. Humo mtoto aliingia ukumbini akiwa amebeba asilimia 20 za KPSEA na asilimia 20 nyingine za tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Mtihani wenyewe ulikuwa na asilimia 60.

Tathmini hizo za shuleni hufanywaje? Mwalimu hupakua maswali au kazi ya vitendo kutoka tovuti ya KNEC, shule huyachapisha kwa gharama yake, mwalimu yuleyule aliyewafundisha watoto huwasimamia, huwasahihishia, kisha hupakia alama kwenye tovuti. Hakuna askari wala msimamizi kutoka shule jirani. Aliyefundisha ndiye mtahini, msimamizi na karani.

Sisemi kwamba walimu ni wezi. Wengi ninaowajua ni watu waadilifu kuliko mshahara wao. Nasema mfumo umemweka mwalimu mwadilifu katika kona mbaya. Chukua watoto wawili wenye uwezo sawa, mmoja wa Mtongwe na mwingine wa Bamburi. Mwalimu wa wa kwanza anampa haki yake, 55 kwa 100. Wa pili, kwa huruma au kwa kulinda sifa ya shule, anampa mwenzake 90. Katika asilimia 20 za KJSEA, wa kwanza anaingia na alama 11, wa pili na 18. Tofauti ni alama saba kabla ya yeyote kushika kalamu. Kiwango cha EE2 huanzia alama 75. Mtoto ambaye angepata 70 anakipata kwa kusukumwa na hizo saba. Katika KPSEA, ambako uzito ni asilimia 60, pengo hilohilo linakuwa alama 21.

Hapa ndipo mzazi wa Timbwani au Chaani anapaswa kuuliza maswali. KJSEA ndiyo iliyotumiwa kuwagawa wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walioanza masomo Januari 2026, nani aende shule ya kitaifa na nani abaki shule ya kutwa karibu na nyumbani. Mtoto aliyepewa alama za kweli na mwalimu mkweli hana mahali pa kukatia rufaa dhidi ya alama za uongo alizopewa mwenzake wa ng'ambo ya pili ya kivuko.

Hali halisi za shule zetu za bara hulizidisha jambo hili. Umbali wa mita 1.22 unaosimamiwa kwa ukali mwezi Novemba hauwezekani kabisa siku ya tathmini ya darasani penye wanafunzi 70 wanaoketi watatu watatu. Isitoshe, tangu sekondari ya msingi ilipowekwa ndani ya shule za msingi mwaka 2023, wengi waliofundisha na kutahini Gredi ya 7 na 8 walikuwa walimu wa mafunzo ya kazini waliolipwa Sh20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na mwaka 2024 wengi wao waligoma wakidai ajira ya kudumu. Kwa wiki kadhaa madarasa yalikaa bila mwalimu. Alama za mwaka huo zimo katika hesabu ya watoto wa KJSEA ya 2025.

Kuna wanaoamini kwamba dawa ya haya yote ni kompyuta: mtihani uwe kwenye skrini, mashine isahihishe, binadamu na huruma zake aondolewe. Fikra hiyo inavutia, na si ngeni kwetu. Somo la kompyuta katika KCSE lina karatasi ya vitendo ya saa mbili unusu, ambapo mtahiniwa huandika jina na nambari yake, huhifadhi kazi kwenye diski bila nenosiri, huichapisha na kukabidhi vyote viwili. Aliyewahi kusimamia karatasi hiyo anajua kwamba kazi yake si ya kutembea baina ya madawati tu. Lazima ahakikishe mashine hazina majibu yaliyofichwa, intaneti imekatwa, skrini ya mmoja haisomwi na wa nyuma yake, na diski iliyokabidhiwa kweli ina kazi iliyoonekana kwenye skrini. Shule yenye kompyuta chache huwagawa watahiniwa kwa zamu, na wa zamu ya pili huzuiliwa wasikutane na waliotangulia hata msalani.

Na umeme ukikatika? Mwaka 2023 pekee, nchi ilikumbwa na giza kubwa mwezi Agosti, Novemba na Desemba. Msimamizi wa mtihani wa karatasi hufungua dirisha. Wa mtihani wa kompyuta asiye na jenereta wala saa iliyoandikwa ya kukatika na kurudi kwa umeme, hana namna ya kumrudishia kila mtahiniwa dakika zake kwa haki.

Nigeria imetuonyesha ukubwa wa hatari hii. Mtihani wa kujiunga na vyuo vikuu nchini humo, unaosimamiwa na bodi ya JAMB, umefanywa kwa kompyuta pekee tangu 2015. Mwezi Mei 2025 ilibainika kwamba hitilafu ya mitambo iliwaathiri watahiniwa 379,997 katika vituo 157, kwa kuwa sehemu ya seva haikuwekewa marekebisho yaliyohitajika. Msajili wa bodi hiyo, Profesa Ishaq Oloyede, alibubujikwa na machozi mbele ya wanahabari, akakubali lawama na kuamuru mtihani urudiwe. Hakuna aliyeiba karatasi. Lakini kosa la mtambo lilipita kwanza kama kosa la watoto, hadi waliolalamika waliposikilizwa.

Hata hapa kwetu, matokeo ya KCPE ya mwisho yalipotangazwa Novemba 2023, baadhi ya wazazi waliona kwenye simu kwamba watoto wao walitahiniwa Lugha ya Ishara, ilhali walikuwa wamefanya Kiswahili. Ilielezwa kwamba kosa lilitokea katika utumaji wa ujumbe. Kwa mzazi aliyekaa usiku kucha akiitazama simu, tofauti kati ya kosa la mtihani na kosa la ujumbe ni finyu mno.

Lipo jambo jingine ambalo mjadala wa kontena na kompyuta huliruka. Likoni ina shule ya wasioona, na Port Reitz, upande wa Changamwe, ina shule ya wenye ulemavu wa viungo. Huko, usimamizi wa haki humaanisha karatasi ya Breili ifike kwa wakati na ikiwa kamili, muda wa ziada utolewe bila mtoto kuuomba kama msaada, na anayemwandikia mwenzake aandike alichosikia, si anachodhani kuwa ni sahihi. Msimamizi asiyejua haya, hata akiwa mkali kama simba, amemdhulumu mtahiniwa. Na ikiwa mtihani utahamia kwenye skrini, sharti la kwanza liwe kwamba watoto hao wanaweza kuutumia kabla ya wengine wote.

Nini kifanyike sasa? Nianze na kisichohitaji bajeti kubwa. Shule jirani zibadilishane walimu siku za tathmini za Gredi ya 7 na 8: wa Mtongwe asimamie Timbwani, wa Junda aende Mjambere. Sehemu ya kazi za watoto isahihishwe upya na mwalimu wa shule nyingine, na alama zikipishana mno, mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo aitishe maelezo. Kazi yenyewe ihifadhiwe katika faili la mtoto hadi matokeo ya Gredi ya 9 yatoke, ili kuwe na kitu cha kukagua. Mzazi aonyeshwe alama kabla hazijapakiwa, atie sahihi.

KNEC kwa upande wake ina alama zote mbili, za darasani na za ukumbini. Si kazi ngumu kutambua shule ambazo watoto wake hupata 90 kwa mwalimu wao na 40 kwenye karatasi ya kontena. Orodha hiyo haina haja ya kuchapishwa gazetini. Inatosha ifike kwa wakaguzi kabla alama hazijatumiwa kumpangia mtoto shule.

Sheria ya KNEC ya 2012 inamtishia anayefikia karatasi ya mtihani kinyume cha sheria kwa kifungo cha hadi miaka 10 au faini isiyozidi Sh2 milioni, au vyote viwili. Iliandikwa wakati mtihani ukiwa kitu cha kuibwa kutoka kwenye bahasha. Wabunge watakapoirejea, waangalie pia alama inayoongezwa kwa kubonyeza kitufe kimoja, pamoja na ulinzi wa mwalimu anayekataa kukibonyeza akiwa ameagizwa na mkubwa wake.

KCSE ya mwisho imepangwa kufanywa 2027. Baada ya hapo, hakuna mtoto wa Kenya atakayepimwa kwa mtihani mmoja wa mwisho peke yake. Wanafunzi walio Gredi ya 7 Shika Adabu, Mwakirunge na Magongo wanaandikiwa alama zao muhula huu, katika madarasa ambayo hayana kufuli hata moja.