MAONI: Kipa si wa kwanza kukosa

Wenyeji wa Bukavu na ninyi familia mliokimbia makwenu mkapokelewa hapa, leo tuongee mpira. Tukitoka uwanja wa Concorde, Kadutu, iwe Muungano au Dawa imefungwa, jina la kwanza kulaumiwa ni la kipa. La pili ni la kocha. Mimi naona tunakosea, na habari za Blagoje Vidinić zinanipa sababu.

Vidinić, mzaliwa wa Skopje, alikuwa kipa wa Yugoslavia iliyochukua dhahabu ya Olimpiki Roma mwaka 1960. Baadaye akawa kocha. Mwaka 1970 aliipeleka Moroko kwenye Kombe la Dunia, ikatoka sare 1-1 na Bulgaria: hiyo ndiyo pointi ya kwanza ya Afrika katika kombe hilo. Kisha akaja kwetu, enzi za Zaire. Machi 1974 tulitwaa Kombe la Afrika huko Misri, Ndaye Mulamba akifunga mabao 9.

Miezi mitatu baadaye tulikuwa Ujerumani Magharibi, kwenye Kombe la Dunia. Skotilandi ilitufunga 2-0, hakuna aibu. Lakini wachezaji wakasikia kwamba pesa walizoahidiwa hawatapewa. Wakataka kugoma. Tarehe 18 Juni waliingia uwanjani na moyo uliovunjika, na mpinzani alikuwa Yugoslavia, nchi ya kocha wao. Haikufika nusu saa, 3-0. Vidinić akamtoa kipa Mwamba Kazadi, ambaye hakuwa ameumia, akamwingiza Tubilandu. Mchezo uliisha 9-0.

Watu wakasema kocha amewauzia ndugu zake mechi. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba amri ya kumtoa Kazadi ilitoka kwa mkubwa wa wizara. Tunaweza kubishana mpaka kesho. Lakini jambo moja liko wazi: kumbadilisha kipa hakukurudisha pesa za wachezaji. Kazadi alitolewa, Vidinić akaitwa msaliti. Na wale walioshika pesa, nani anakumbuka majina yao?

Kwa hiyo nawaomba ninyi wa kamati za mashindano ya mitaa: mkikusanya mchango wa jezi na maji, someni hesabu mbele ya wachezaji kabla ya mechi, si baada ya kufungwa.

Na sisi wazazi, tutazame watoto wakicheza barabarani. Mara nyingi mtoto aliyefika juzi ndiye huwekwa golini, kwa sababu bado hana rafiki wa kumtetea. Bao likiingia, wote wanamgeukia yeye. Kabla hujamfokea, uliza mpira ulipotea wapi kwanza. Halafu waambie wenzake wapokezane goli. Kesho mgeni naye akimbie mbele, afunge.