Je, Michezo ya Mashine Ni Upuuzi Mtupu?

Kila tufungapo shule, wazazi wengi hulalamika kwamba vijana wao hupoteza siku nzima wakichezea mashine za mkononi. Malalamiko hayo si ya uongo. Lakini napenda kuwaeleza wasomaji wa gazeti letu kwamba yamo mafunzo katika mashine hizo, kwa yule atakaye kujua jinsi zinavyofanya kazi.

Likizo ya Desemba mjomba wangu alinipa PSP kuukuu. Mashine hii ya Sony ilianza kuuzwa Japani mwaka 2004, na siku hizi haitengenezwi tena. Nilitaka kucheza ndani yake michezo ya Game Boy, mashine ya Nintendo iliyotoka mwaka 1989. Lakini mashine hizi mbili hazisemi lugha moja. Dawa yake ni programu iitwayo emuleta, ambayo kazi yake ni kama ya mkalimani barazani. Husoma amri ya Game Boy, huifasiri, PSP ikaitenda, kisha hushika amri nyingine, mamia ya maelfu kwa kila sekunde. Mkalimani wa namna hii hana budi kuwa mwepesi kuliko msemaji. Kwa bahati PSP ina nguvu ya kutosha: kumbukumbu ya kazi ya Game Boy ni kilobaiti 8 tu, na ya PSP ya kwanza ni megabaiti 32, yaani zaidi ya mara 4,000.

Kwa kawaida PSP haikubali programu zisizoidhinishwa na Sony mpaka mfumo wake ubadilishwe. Kwanza hutazamwa namba ya mfumo uliomo, kisha faili huwekwa katika folda yake kwenye kadi ya kumbukumbu. Ukikosea herufi moja, mashine haioni kitu. Halafu lipo suala la picha. Skrini ya Game Boy ina vitone 160 kwa 144, na ya PSP 480 kwa 272. Ukitaka kuijaza yote, upana huongezeka mara 3 na kimo hakifiki hata mara 2, hata kila mtu akaonekana mnene kama pipa. Hapo ndipo nilipozikumbuka hesabu za uwiano, ambazo nilizisinzia nikiwa Kidato cha Pili.

Baada ya kufaulu mara moja nilijiona fundi. Mtoto wa jirani aliniletea PSP yake, nami nikamtoza shilingi 5,000. Betri yake ilikuwa imechakaa, nami sikuijali, maadamu waya ulikuwa ukutani. Katikati ya kuandika mfumo mpya umeme ukakatika. Mashine ikazimika, wala haikuwaka tena. Mtoto yule hakunitukana. Alikaa kimya akiishika kwa mikono miwili. Baba aliniuliza swali moja tu: "Ulijua ulichokuwa ukifanya, au ulijua kukifuata?" Sikuwa na jibu. Nilirudisha fedha zake, kisha nikampa PSP yangu. Haraka haraka haina baraka.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Kwanza, kazi hii si uhuni. Mwaka 2023 shirika la Video Game History Foundation lilieleza kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotolewa Marekani haipatikani tena madukani. Kitabu kikiisha dukani, maktaba hukihifadhi. Mchezo nao unastahili mahali pa kuhifadhiwa. Mwaka 2000 mahakama ya rufani ya Marekani iliamua kwamba kampuni ya Connectix haikukosa iliponakili programu ya ndani ya PlayStation ili kujifunza jinsi ya kutengeneza emuleta.

Pili, ruhusa ya kutengeneza mkalimani si ruhusa ya kuchukua maneno ya watu. Michezo ina wenyewe. Wenzetu wanaojaza kadi michezo 1,000 ya bure na kuiuza mitaani wasijiite wahifadhi.

Watu watasema kwamba sisi wa Kidato cha Nne tuna mtihani mbele yetu. Ni kweli, na sidai mashine hizi ziingie bwenini. Sheria ya shule ni njema. Naomba jambo dogo tu: Jumamosi alasiri, katika chumba cha kompyuta, mbele ya mwalimu, vijana wafundishwe jinsi mkalimani huyu anavyoandikwa. Kuna michezo ambayo wenyewe wameitoa bure kwa ajili ya mazoezi, nayo yatosha.

Mimi nitakuwa nimekwisha ondoka. Lakini ningefurahi kusikia kwamba mdogo wangu mmoja wa Kidato cha Kwanza anaweza kulijibu swali la baba lililonishinda.